Raia anaingiaje kwenye sera za ulinzi na usalama wa taifa bila kuvaa magwanda?

#1 Kurunzi ya Ilazo
Wakuu, salaam.

Nimemaliza shahada ya sayansi ya siasa na utawala pale Mlimani. JKT nimepita kwa mujibu wa sheria, baada ya hapo sikuendelea. Sina ndoto ya kuwa mjeda; macho yangu yana miwani mizito na ile mchakamchaka ya alfajiri ilinitosha. Ninachokipenda ni kazi ya mezani. Kwa nini nchi ilipeleka kikosi Kongo na si Somalia? Bajeti ya Ngome, yaani ya jeshi lenyewe, inagawanywaje? Mpaka wa Ruvuma ulindwe vipi? Nani anaandika zile karatasi ambazo waziri anazisoma kabla ya kuingia kwenye Baraza la Mawaziri?

Nikifungua matangazo ya ajira serikalini naona mhasibu, dereva, afisa kilimo, muuguzi. Tangazo la mchambuzi wa sera za ulinzi sijaliona hata siku moja. Wenzetu Marekani na Ulaya hiyo ni fani kabisa, mtu anaianza kijana na kustaafia humo. Dai langu: Tanzania kazi hii kwa raia haipo. Ipo kwa wenye nyota begani na kwa watoto wa wakubwa. Anayebisha anionyeshe njia.

Nawasilisha.

#2 Shemeji wa Kikosi
Natia nanga hapa na kahawa yangu. Ngoja waje wenyewe.

#3 Mpiga Soga wa Kijitonyama
Mkuu, kazi hiyo watu hawaiombi, wanaombwa. Ukishafikia kuianzishia uzi, ujue umeshaikosa.

#4 Fungu 57
Mleta mada, nusu ya dai lako ni porojo, nusu ina ukweli. Nianze na porojo.

Wizara ya Ulinzi na JKT ni wizara kama nyingine. Ina Katibu Mkuu, ina wakurugenzi, ina watu wa sera na mipango, sheria, ununuzi, ukaguzi wa ndani, TEHAMA, masjala. Chukua hotuba yoyote ya bajeti uisome mpaka mwisho: fedha zinaombwa kwa mafungu matatu. Fungu 38 ni Ngome, Fungu 39 ni JKT, Fungu 57 ni Wizara yenyewe. Watu wanatolea macho 38 kwa sababu ndiko kwenye fedha nyingi, lakini raia mtafute 57.

Kwa nini huoni tangazo? Kwa sababu serikali yetu haiajiri kwa mada, inaajiri kwa kada. Mchumi ni mchumi, awe Kilimo awe Ulinzi. Afisa sheria ni afisa sheria. Unaomba Sekretarieti ya Ajira, unafanya mtihani wa kuandika, unaitwa usaili wa ana kwa ana, halafu unapangiwa kituo. Kituo kinaweza kuwa Wizara ya Ulinzi, kinaweza kuwa halmashauri ya Kakonko. Huchagui. Ila ukishakuwa ndani kuna uhamisho, na hapo ndipo watu wenye nia huonekana.

Na usidhani kazi yenyewe ni kuchora mishale kwenye ramani. Mfano mmoja ulio hadharani: migogoro ya ardhi kati ya Jeshi na wananchi. Haikosi kwenye hotuba. Kambi iliwekwa miaka ya sabini, mji umekua, leo kuna nyumba hadi kwenye uzio, na kule ng'ambo kuna uwanja wa shabaha. Nani ahame? Nani alipwe fidia, kwa thamani ya mwaka gani? Hapo anahitajika mpima, mthamini, mwanasheria, mchumi wa kutafuta fedha, na mtu mwenye ulimi wa kukaa na wanakijiji wenye hasira. Hiyo ndiyo sera ya ulinzi ikishuka chini. Wote hao wanaweza kuwa raia.

#5 Kurunzi ya Ilazo
Asante Fungu 57, umenifungua. Ila swali langu liko palepale. Huyo mchumi wa 57 ana sauti kwenye sera, au anajumlisha mafuta ya magari tu?

#6 Fungu 57
Inategemea bosi, inategemea na yeye anavyoandika. Zaidi ya hapo sisemi.

#7 Mpiga Soga wa Kijitonyama
"Zaidi ya hapo sisemi." Jamaa kapigiwa simu.

#8 Mlimani 04
Mada nzuri, ila mnaanzia katikati. Turudi nyuma kidogo.

Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, Lugalo ya leo. Mwalimu alilazimika kuomba msaada wa Waingereza kuwazima, aibu ambayo hakuisahau. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo JWTZ ikazaliwa, vijana wake wengi wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Kinachosahaulika ni dawa iliyotumika. Hawakusema tuunde tabaka la raia wataalamu wa ulinzi watakaolisimamia jeshi. Walisema tuingize chama ndani ya jeshi. Mwanajeshi akawa mwanachama, akafundishwa siasa, akaweza kuwa mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa, hata waziri. Kikwete alikuwa luteni kanali mpaka 1992, vyama vingi viliporudi wanajeshi wakatakiwa kuchagua kati ya siasa na jeshi.

Kwa hiyo kwa karibu miaka thelathini mwanajeshi ndiye aliyekuja ofisini kwa raia, raia hakuwa na haja ya kwenda kwa mwanajeshi. Fani unayoitafuta haikukua kwa sababu nafasi yake ilishakaliwa. Si njama za watoto wa wakubwa, ni historia.

#9 Nyuki wa Sikonge
Mlimani 04 umeeleza vizuri ila umeruka kitu. Kama ulinzi ulikuwa wa wanajeshi na chama, mbona mawaziri wa ulinzi waliopita wengi ni raia watupu? Sokoine alikuwa pale miaka ya sabini. Kawawa. Salim Ahmed Salim. Profesa Sarungi, daktari wa mifupa. Hussein Mwinyi, daktari tena, na alikaa sana.

#10 Shemeji wa Kikosi
Kumbe njia ni Muhimbili! Kurunzi umesoma kozi isiyo yako kaka, nenda ukachukue udaktari.

#11 Mlimani 04
#9, waziri ni mwanasiasa, anateuliwa miongoni mwa wabunge na anaondoka kesho akibadilishwa. Mleta mada anauliza kuhusu fani, mtu wa kukaa miaka ishirini akijua faili moja. Hivyo ni vitu viwili. Waziri raia bila wataalamu raia nyuma yake anasoma alichoandikiwa na makanali. Simaanishi makanali wanaandika vibaya, wengine wanaandika kuliko sisi wahadhiri.

#12 Kaskazi ya Nungwi
Assalaam alaykum. Mumemtaja Dk. Salim mukampita mbio. Yule ndie mfano wa uzi huu. Alipelekwa ubalozi Misri 1964 akiwa na miaka 22. Hakuvaa magwanda. Akawa Waziri Mkuu, kisha Waziri wa Ulinzi, na 1989 akenda Addis kuwa Katibu Mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, hadi 2001. Ule utaratibu wa OAU wa kuzuia na kutatua migogoro, uliopitishwa Cairo 1993, ulipita mikononi mwake, na Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika limeota juu yake. Kama si sera ya usalama ile, basi ni nini?

Njia yake ilikuwa diplomasia. Kwa hiyo kijana naye atizame Mambo ya Nje kabla ya Ulinzi. Chuo cha Diplomasia Kurasini sasa kina jina lake.

Na kwa vijana wa Visiwani: ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano. Ule mgao wa asilimia 21 wa ajira za taasisi za Muungano ni haki yenu, muombe. Wengi wanaishia JKU, jeshi letu la kujenga uchumi hapa Zanzibar, wakidhani ndio mwisho wa njia.

#13 Nyuki wa Sikonge
Chuo cha Kurasini kilianzishwa 1961 kama sikosei, mara tu baada ya uhuru.

#14 Kaskazi ya Nungwi
Unakosea. 1978, Tanzania na Msumbiji kwa pamoja. Msumbiji ilikuwa imepata uhuru miaka mitatu nyuma yake na ikihitaji wanadiplomasia haraka.

#15 Nyuki wa Sikonge
Haya mzee wa Nungwi, 1978. Hoja yangu ya #9 bado imesimama lakini.

#16 Mwana Changamwe
Habari za huko jamani. Mimi ni wa ng'ambo ya Horohoro, niruhusuni nichangie.

Kwetu Kenya jambo hili limeandikwa kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 239 kinasema vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia. Ukienda 240 ukalitazama Baraza la Usalama la Taifa, kuna Rais, Naibu wake, mawaziri watatu, Mwanasheria Mkuu, mkurugenzi wa ujasusi, Inspekta Jenerali wa polisi, na mwanajeshi ni mmoja tu, Mkuu wa Majeshi. Wizara ya Ulinzi ina Katibu raia. Bi Raychelle Omamo, wakili, aliishika wizara hiyo toka 2013 mpaka 2020. Na 2017 tulitoa hati ya sera ya ulinzi ambayo mtu yeyote aweza kuisoma.

Sasa msinione najisifu. Katiba ni karatasi. Ukiuliza vijana wa Nairobi waliosomea uhusiano wa kimataifa wangapi wako pale Ulinzi House, watakucheka. Wengi wako kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali, wanaandika ripoti za Somalia na kusubiri wafadhili.

Ila kuna mlango mmoja ambao sijaona mkiutaja: Bunge. Binamu yangu alianza kama karani wa kumbukumbu kwenye ofisi isiyohusiana kabisa, akasoma diplomasia Chuo Kikuu cha Nairobi masomo ya jioni, leo ni mtafiti anayehudumia kamati za bunge. Wabunge wanapomhoji waziri kuhusu ununuzi wa zana, maswali mengine ameyaandika yeye. Magwanda ameyaona kwenye gwaride la Jamhuri Dei tu.

Ndugu Kurunzi pia angalia Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki, EASF, makao yake Karen. Wana sehemu ya raia, wana orodha ya wataalamu raia wanaoweza kuitwa.

#17 Fungu 57
Mwana Changamwe karibu sana. La Bunge nakuunga mkono, hata Dodoma Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama, ile tunayoiita NUU, ina makatibu na watafiti ambao ni watumishi raia. La EASF nakukatalia: Tanzania si mwanachama wa EASF. Sisi mambo ya vikosi tuko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ndiyo maana tulikwenda Cabo Delgado, Msumbiji, kwa mwavuli wa SADC 2021. Mtanzania atazame Gaborone yaliko makao ya SADC, si Karen.

#18 Mwana Changamwe
Ajabu! Mko Jumuiya moja nasi, makao makuu Arusha kwenu, na kwenye vikosi mmevuka mto?

#19 Mpiga Soga wa Kijitonyama
Sisi tuna wake wawili mzee. Zamu ya ulinzi iko kusini.

#20 Kurunzi ya Ilazo
Hiyo ya Gaborone imenigusa. Dk. Stergomena Tax si alitoka huko?

#21 Mlimani 04
Ndiyo. Katibu Mkuu wa Wizara ya Afrika Mashariki, kisha Katibu Mtendaji wa SADC 2013 hadi 2021, Septemba 2021 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Ulinzi wa Tanzania. Masomo yake ni biashara na maendeleo ya kimataifa. Hapo Nyuki wa Sikonge atasema nimejipinga mwenyewe, ila naye bado ni uteuzi wa kisiasa, si ngazi ya utumishi.

Nikiwa hapa nimjibu na Mwana Changamwe. Mfano bora wa hati ya sera si Kenya, ni Afrika Kusini. Ile ya 1996 mwandishi wake mkuu alikuwa msomi raia, Laurie Nathan. Walitoka kwenye jeshi la ubaguzi, hawakuliamini, wakaamua raia wakae mezani tangu mwanzo, wakaunda na sekretarieti ya raia ndani ya wizara. Tanzania, baada ya kuunda jeshi jipya 1964, hatukuwa na sababu ya kutoliamini jeshi letu, kwa hiyo hatukuwahi kuihitaji meza hiyo. Ni kama tumeadhibiwa kwa kuwa na amani.

#22 Bi Tarafa
Nimesoma yote nikawa nacheka peke yangu. Wanaume mmezunguka Cairo, Gaborone, Karen, mmeiruka nchi yenyewe.

Kurunzi mwanangu, unauliza raia anafanyia wapi kazi za usalama wa taifa. Mimi ni afisa tarafa. Sijawahi kushika bunduki zaidi ya ile ya JKT, na hiyo niliishika zamani, kabla hamjazaliwa baadhi yenu.

Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, amekaa pale, mtu wa usalama amekaa pale, uhamiaji, magereza, na kama kuna kikosi jirani na mjeda naye yupo, na anayeongoza kikao ni raia. Mkoani hivyohivyo kwa Mkuu wa Mkoa. Tuna Sheria ya Baraza la Usalama la Taifa ya 2010 inayofunga ngazi hizo mpaka juu. Sasa wale wakubwa wanakula nini kwenye kikao? Wanakula taarifa. Taarifa inatoka wapi? Kwa watendaji wa vijiji na kata, kwa wenyeviti, kwetu sisi. Wafugaji wameingia na mifugo kutoka wapi, wageni gani wamepanga kwenye nyumba ya fulani na hawatoki mchana, vijana gani wameacha kuswali msikiti wa kijiji wamejenga wa kwao porini, mbolea imechelewa na watu wananuna kiasi gani. Hilo la mwisho mtaliona dogo. Mimi naliandika juu kabisa.

Mnakumbuka Kibiti, Rufiji na Mkuranga 2017 na kabla yake? Nani walikuwa wanauawa? Askari, ndiyo. Lakini na wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, raia watupu. Wauaji walijua macho ya serikali yako wapi. Na Kitaya kule Mtwara, Oktoba 2020, waliovuka Ruvuma waliingia kijijini kwenye watu. Mlinzi wa kwanza wa mpaka ule ni mvuvi na mwenyekiti wake.

Kwa hiyo unapotafuta meza ya sera, anza na tarafa. Ni kazi ya shahada, ngazi ya mshahara TGS D, unaomba kama kazi nyingine. Ukikaa miaka michache ukajua kuandika taarifa ya ukurasa mmoja isiyo na uongo, utaitwa mkoani. Ukifika mkoani utakuwa umejua nchi kuliko waliosoma vitabu vya Marekani.

#23 Shemeji wa Kikosi
Bi Tarafa shikamoo. Huu sasa ndio mchango.

#24 Nyuki wa Sikonge
Shikamoo mama. Heshima kwako, lakini naona unachanganya. Kukusanya taarifa na kutunga sera ni kazi mbili. Mvuvi anatoa taarifa, je, ameamua idadi ya boti za doria? Kijana akienda tarafani ataishia kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba na kusimamia mbio za Mwenge. Fani yenyewe ataisahau.

#25 Bi Tarafa
Marahaba. Huo ugomvi wa mipaka ya mashamba unaoudharau ndio unaozaa maiti, baba. Uliza Kilosa, wakulima na wafugaji.

#26 Kurunzi ya Ilazo
Mama shikamoo. Swali: kwenye kazi yako upekuzi mlifanyiwa? Na huu upekuzi hasa wanaangalia nini?

#27 Fungu 57
Jibu la jumla. Sheria ya Usalama wa Taifa ni ya 1970, na inahusu kila anayeshika nyaraka za siri, si watu wa ulinzi peke yao. Kila mtumishi wa umma anasaini kiapo cha kutunza siri. Upekuzi unategemea nafasi na aina ya faili utakazoshika. Wanaangalia ukweli wa vyeti, uraia, tabia, madeni, watu unaoandamana nao. Cheti cha kughushi ndicho kinachowamaliza wengi, kuliko huyo mjomba mnayemwogopa.

#28 Kijiwe Nongwa
Mnaficha ukweli bwana. Mimi nilikwenda usaili mmoja, chombo sikitaji. Tuliandika mtihani, nikapita, nikaitwa ana kwa ana, maswali nikajibu. Majina yalipotoka kuna kijana tuliyekaa naye benchi moja ambaye hata swali la mipaka ya Tanzania alilikosa, mwenyewe alitusimulia nje. Yeye ndani, mimi nje. Ukoo wake mkisikia mtajua. Kwa hiyo Kurunzi yuko sahihi tangu mwanzo, mengine haya ni historia ya kufarijiana.

Na kuhusu kitengo ndio kabisa. Usalama wa Taifa imeanzishwa 1996, mpaka leo nani amewahi kuona tangazo gazetini?

#29 Mlimani 04
Pole kwa usaili. Ila tusahihishane: idara ile haikuanzishwa 1996. Ilikuwepo tangu enzi za Mwalimu. 1996 ndipo Bunge lilipoipa sheria yake. Kabla ya hapo ilikuwa inafanya kazi bila sheria mahususi ya kuiunda, na hilo nalo linasema jambo kuhusu utamaduni wa sera zetu: kitu kinakuwepo kwanza, karatasi inafuata.

#30 Kijiwe Nongwa
Iwe 1996 iwe 1961, mimi sikuitwa.

#31 Ughaibuni Tena
Salaam kutoka Minnesota. Nimeona mleta mada anaisifia Marekani, ngoja nimpe picha kamili.

Ni kweli, Wizara ya Ulinzi ya hapa, ambayo tangu Septemba 2025 Rais ameamuru iitwe pia Wizara ya Vita, ina watumishi raia laki kadhaa. Wachambuzi, wanasheria, wahandisi, wapishi. Sheria inataka hata Waziri awe raia. Afisa aliyetoka jeshi la kudumu lazima apitishe miaka saba kwanza, na kama alikuwa jenerali, kumi. Lakini hapohapo wameshairuka sheria yao mara tatu kwa ruhusa ya Bunge: kwa majenerali Marshall 1950, wakati huo ikiwa miaka kumi kwa wote, kisha Mattis 2017 na Austin 2021, wakati huo ikiwa saba kwa wote.

Mimi nina uraia, nina shahada ya pili ya mambo haya. Fomu ya kibali cha usalama ina kurasa zaidi ya mia. Wanataka kujua ulikoishi miaka kumi nyuma, safari zako, na kila ndugu wa nje unayewasiliana naye. Sasa mimi mtoto wa Kilimanjaro, ndugu wa nje ni ukoo mzima, shangazi, wajomba, na kundi la vikoba la mama. Nilijaza mpaka nikajuta kuzaliwa kwenye ukoo mkubwa. Kuna na programu maarufu ya kuwaingiza wahitimu wa shahada za juu serikalini, Rais aliifuta Februari 2025. Rafiki zangu walikuwa wameshapita usaili. Kwa hiyo msidhani huku mlango uko wazi tu.

#32 Mpiga Soga wa Kijitonyama
FBI wamemsoma mpaka mweka hazina wa vikoba.

#33 Mwana Goma
Salamu kwenu wote. Miye niko Goma, mtanisamehe Kiswahili chetu.

Mleta mada ameuliza kuhusu Kongo na hakuna aliyemjibu. Kile kikosi cha 2013, azimio 2098 la Umoja wa Mataifa, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kilikuwa na askari. Lakini askari anafika kijijini hajui lugha ya pale, hajui chifu, hajui nani ana ugomvi na nani. Watanzania walikuwa na bahati ya Kiswahili, wengine hapana. MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa huku kwetu, ikaajiri raia wa hapa wanaokaa kwenye kambi pamoja na askari, sisi tunaita CLA, wasaidizi wa uhusiano na jamii. Kazi yao: kujenga mtandao wa namba za simu kijiji kwa kijiji, kupokea onyo usiku, kumwambia kamanda "leo soko la pale lisikose doria", na kuwaeleza watu kwa nini doria haikufika. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu hasira haimfikii kamanda, inakufikia weye.

Bi Tarafa amesema kweli kabisa. Ila miye naongeza: kazi ya namna hii chini ya Umoja wa Mataifa ni mkataba. Misheni ilipofunga Kivu Kusini Juni 2024, mikataba ya wenzetu ikaisha nayo. Kisha Goma ikaangukia waasi wa M23 Januari 2025. Unakuwa na ujuzi mkubwa, na majirani wote wanajua ulifanyia nani kazi. Fikiria na hilo kabla ya kusema fani.

#34 Bi Tarafa
Pole sana mwanangu wa Goma. Mungu awahifadhi.

#35 Kaskazi ya Nungwi
Allah awanusuru. Hili la majirani kujua ulifanyia nani kazi ni la kulifikiri sana.

#36 Nyuki wa Sikonge
Pole ndugu. Hapa sasa tunaongea.

Mimi naomba niwashangaze wote: njia bora kwa raia ni Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi. Mnabisha bure wakati chuo kipo tangu 2012.

#37 Kijiwe Nongwa
Chuo cha mabrigedia kile. Raia ukakae wapi?

#38 Fungu 57
Si cha mabrigedia peke yao. Kozi ndefu inachukua wanajeshi, polisi, watumishi raia wa serikali na maafisa kutoka nchi rafiki, na wengi wakimaliza wanapanda. Lakini Nyuki, pale huendi kwa kuomba mwenyewe kama chuo kikuu. Mwajiri anakupendekeza, na wanataka uwe umeshafika ngazi ya juu. Kwa Kurunzi ambaye hana hata hati ya ajira, Kunduchi ni ufukwe wa kuogelea kwa sasa.

#39 Mwana Changamwe
Kwetu nayo hivyohivyo. Chuo cha Ulinzi cha Karen kilianza 1997, wanafunzi wakichukua shahada ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mpaka 2021 tulipopata Chuo Kikuu cha Ulinzi kamili. Nao raia wanaokaa pale wametumwa na wizara zao.

#40 Shemeji wa Kikosi
Nje ya mada kidogo. Kurunzi ulipita JKT kambi gani? Mimi Bulombora.

#41 Kurunzi ya Ilazo
Mafinga mkuu. Baridi ile siisahau.

#42 Shemeji wa Kikosi
Mafinga mlikuwa mapumziko. Bulombora jua linaanza kukupiga kabla hujaamka.

#43 Bi Tarafa
Nyie wa baada ya 2013 mmelelewa. JKT ile iliyositishwa 1994 ndiyo ilikuwa JKT. Mwaka mzima, hakuna simu ya kumlilia mama.

#44 Ughaibuni Tena
Uzi umeshafika kwenye maharage ya JKT, ndio umeisha huo.

#45 Mlimani 04
Haujaisha. Kurunzi, kama bado unasoma: usikimbilie shahada ya pili kwanza. Andika. Chukua hotuba za bajeti za ulinzi za miaka kumi, ziko tovuti ya wizara na kwenye Hansard, kumbukumbu za Bunge, pima nini kimeahidiwa na nini kimerudiwa. Hakuna siri hata moja humo na hakuna raia anayeifanya kazi hiyo sawasawa. Ukiwa na kurasa thelathini nzuri, mtu atakusoma.

#46 Kijiwe Nongwa
Mtu atakusoma, ndiyo. Swali ni mtu gani na kwa nia gani.

#47 Nyuki wa Sikonge
Hapo Kijiwe umenena kwa mara ya kwanza. Mlimani 04 ana kiti cha chuo cha kumkinga. Kijana asiye na ajira akianza kuchambua bajeti ya Ngome mtandaoni, kesho akiomba kazi, upekuzi utamkumbuka kwa namna gani?

#48 Fungu 57
Akitumia nyaraka zilizosomwa bungeni hana kosa. Akianza kubahatisha idadi ya vifaru kwa picha za setilaiti, hapo asiniulize.

#49 Kurunzi ya Ilazo
Wakuu nimewasoma wote, asanteni. Naomba kada ya afisa tarafa na uchumi kwa pamoja mlango ukifunguliwa, na hotuba za bajeti nimeanza kupakua. Bi Tarafa, naomba nikuandikie faragha.

#50 Bi Tarafa
Niandikie. Ila uwe unajua kuendesha pikipiki, tarafa yangu ina milima na mafuta ni ya kudai.

#51 Shemeji wa Kikosi
Swali la mwisho kwa Fungu 57: raia akipangiwa Ulinzi anaruhusiwa kununua kwenye yale maduka ya jeshi yasiyo na kodi?

#52 Fungu 57
Shemeji, msamaha wa yale maduka uliondolewa kwenye bajeti ya 2016/17, askari wakawekewa posho badala yake. Umelala miaka yote hiyo?

#53 Shemeji wa Kikosi
Basi mimi nimetoka kwenye kinyang'anyiro. Narudi dukani kwa Mangi.